Riwaya za vampaya za kuchekesha: fedha yako ianzie wapi?

Ukiwa na fedha ya kitabu kimoja tu, nunua Nice Girls Don't Have Fangs cha Molly Harper. Ukiwa na fedha ya rafu nzima, usilipe kwanza, maana mifululizo ya aina hii ni mirefu na mingine hulegea njiani.

Ninazungumzia riwaya za watu wazima, zilizoandikwa kwa Kiingereza huko Marekani na Kanada, ambamo vampaya hakuletwa kukunyima usingizi. Sisi tuliokuzwa na vitisho vya mumiani tunamtarajia mnyonya damu awe jambazi wa gizani. Humu ni mkutubi, mhasibu, karani aliyepunguzwa kazini. Amekufa, lakini bado anadaiwa bili, bado ana ndugu, na bado hajui atamwambia nini mama yake.

Ndicho kipimo nilichotumia kuipanga mifululizo hii. Vampaya anayetania tu huchosha mapema. Yule ambaye kicheko chake kinatoka katika maisha yenyewe, kazini, jikoni, kwenye ugomvi wa mirathi, utamfuata hadi kitabu cha nne bila kujilazimisha. Kipimo cha pili ni uaminifu wa mwandishi kwa mnunuzi: je, hadithi inafika mwisho, au unaendelea kulipia vitabu vinavyozunguka palepale?

Wa kwanza: Molly Harper na mkutubi wa Kentucky

Jane Jameson ni mkutubi wa watoto katika mji wa kubuni uitwao Half-Moon Hollow, Kentucky. Anafukuzwa kazi, na badala ya kiinua mgongo anapewa vocha ya mgahawa. Anaimalizia kwenye pombe. Usiku akirudi nyumbani gari linamharibikia, na mwindaji mlevi anamdhania kulungu, anamfyatulia risasi. Anayemwokoa ni vampaya, na namna yake ya kuokoa ni moja tu.

Hizo ni kurasa za mwanzo. Utamu uko nyumbani. Mama yake hakomi kumletea vyakula ambavyo Jane hawezi tena kuvila. Dada yake ana jicho kwenye vitu vya urithi. Bibi yake amekwisha kuzika waume kadhaa na bado yumo kwenye uchumba, huku Jettie, bibi mwingine wa ukoo aliyekwisha kufariki, akiendelea kukaa ndani ya nyumba kama mzuka na kutoa ushauri. Yeyote aliyewahi kuketi kwenye sherehe ya ukoo akiwa na siri kubwa kifuani ataielewa hofu ya Jane, na ndiyo maana kicheko cha Harper kinapenya hata kwa msomaji asiyejua lolote kuhusu Kentucky.

Kwa mnunuzi, hesabu yake ni nzuri. Hadithi ya Jane inakamilika katika vitabu vinne, cha kwanza kikiwa cha 2009 na cha nne, Nice Girls Don't Bite Their Neighbors, kikiwa cha 2012. Ukitaka kuendelea, mji ni uleule ila wahusika wakuu wanabadilika. Ninachokipenda zaidi kati ya vitabu hivyo vya baadaye ni The Care and Feeding of Stray Vampires, chenye msichana anayeendesha biashara ya kuwafanyia vampaya shughuli zao za mchana. Wasioweza kutoka juani lazima wapate wa kuwatuma, na Harper amelichukua wazo hilo dogo akalifanya ajira halali yenye wateja wasumbufu. Mambo ya chumbani yamo, kwa kiasi.

Wa pili: Charlaine Harris

Kwa ukubwa wa ulimwengu wake, Harris anawazidi wote niliowataja hapa. Nimemweka wa pili kwa sababu moja tu: si mwepesi kila wakati. Watu wanauawa, na baadhi ya vifo vinauma.

Sookie Stackhouse ni mhudumu wa baa katika mji wa kubuni wa Bon Temps, Louisiana, na amezaliwa akisikia mawazo ya watu. Hebu fikiria kuhudumia meza za walevi huku ukisikia kila wanachowaza kuhusu mwili wako. Halafu siku moja anaingia vampaya, na Sookie hasikii chochote kutoka kwake. Kimya. Kwa mara ya kwanza anaweza kukaa na mwanamume akapumzika. Sijaona mwanzo wa mapenzi uliofikiriwa vizuri kuliko huo katika riwaya za aina hii. Sababu ya kumpenda vampaya haiko kwenye sura yake nzuri, iko kwenye utulivu anaompa.

Vampaya wa Harris wamejitangaza hadharani baada ya Wajapani kutengeneza damu ya maabara, kwa hiyo sasa wana biashara, wanasheria na kilabu cha usiku mjini Shreveport. Yumo pia mwimbaji maarufu wa Memphis aliyegeuzwa vampaya, tena vibaya, na shabiki wake aliyekuwa mfanyakazi wa mochwari, na vampaya wenzake wanaogopa kumwita mwimbaji huyo kwa jina lake halisi. Kila anapotokea mimi huweka kitabu chini nicheke kwanza. Na katikati ya hayo yote Sookie anawaza fedha za kukarabati nyumba. Anaposimulia kwa sauti yake mwenyewe, shida hizo ndogo zinashikilia hadithi isipeperuke.

Dead Until Dark, cha kwanza, kilitoka 2001 na kikashinda tuzo ya Anthony, ambayo ni ya riwaya za upelelezi. Vipo 13, hadi 2013. Ushauri wangu ni kununua vinne vya kwanza pamoja, kwa kuwa cha nne, Dead to the World, ambamo kiongozi wa vampaya mwenye kiburi anapoteza kumbukumbu na kuwa mpole, ndicho kilele cha ucheshi wa mfululizo wote. Baada ya hapo nunua kimoja kimoja. Cha mwisho kiliwagawanya wasomaji vikali, na wengi waliokuwa wamemchagulia Sookie mchumba mwingine moyoni walikasirika. Mimi naona mwisho ule unamstahili, ila hatua za kuufikia ni za kukimbilia.

Ukiwa umeiona True Blood, tamthilia iliyotokana na vitabu hivi na kurushwa na kituo cha televisheni cha HBO kuanzia 2008 hadi 2014, usidhani umemaliza. Tamthilia ni nzito, ina damu zaidi, na inakwenda njia zake. Ucheshi uko kitabuni.

Wa tatu: mhasibu wa Drew Hayes

Hiki ni cha msomaji asiyetaka mambo ya chumbani. The Utterly Uninteresting and Unadventurous Tales of Fred, the Vampire Accountant kilitoka 2014. Fred aligeuzwa vampaya akabaki vilevile: mpole, mwoga, mwenye sweta, anayependa hesabu zifungwe sawasawa. Anakwenda kwenye mkutano wa waliosoma naye sekondari, na mambo yanaharibika kuanzia hapo. Ni hadithi fupi zinazofuatana, kwa hiyo kinafaa kwenye daladala au foleni ya benki. Upendo wa Hayes kwa mtu mpole ni wa dhati. Hamgeuzi Fred kuwa shujaa mwenye misuli ili tumheshimu.

Wanaofuata

Christopher Moore ana vitabu vitatu vya San Francisco: Bloodsucking Fiends cha 1995, You Suck cha 2007 na Bite Me cha 2010. Kijana anayetaka kuwa mwandishi anafanya zamu ya usiku dukani, ambako wenzake hucheza bowling, mchezo wa kuangusha vigingi, kwa kuvurumisha batamzinga walioganda, na huko ndiko anakokutana na msichana aliyegeuzwa vampaya juzi tu. Lugha ni ya mtaani na chafu. Cha pili kinaanza pale pale cha kwanza kilipoishia ingawa kilichelewa miaka 12, kwa hiyo usianzie katikati.

MaryJanice Davidson alianza na Undead and Unwed mwaka 2004. Betsy Taylor wa Minnesota anapoteza kazi, anagongwa na gari, kisha anaamka kwenye nyumba ya maziko akiwa amevishwa viatu vya bei rahisi vya mama yake wa kambo, na hilo la viatu linamuudhi kuliko kufa. Sura hizo za mwanzo ni dhahabu. Ishia kitabu cha sita, Undead and Uneasy, ambacho habari yake ni harusi. Vinavyofuata vinatumbukia kwenye jehanamu na safari za wakati, na Betsy niliyempenda anafifia.

Lynsay Sands wa Kanada anakuja mwisho, japo ana wapenzi wengi. Vampaya wake wa ukoo wa Argeneau asili yao ni Atlantis, nchi ya hekaya iliyozama baharini, na sayansi yake, na damu wanainywa kutoka kwenye mifuko ya benki ya damu. Kila kitabu kina wapenzi wapya, hivyo unaweza kuanzia popote. Mimi ningeanza na Single White Vampire cha 2003, chenye mwandishi mkorofi anayeandamwa na mhariri wake. Ukisoma vitatu umeshaujua mwendo wa vyote.

Kabla ya kulipa

Majina yatakuchanganya. Vitabu vyote 13 vya Harris vina neno Dead kwenye jina, na vya Davidson vina Undead. Usitegemee jalada, fungua ukurasa wa haki za uchapishaji uangalie mwaka.

Kwa aliyeko Afrika Mashariki, gharama ya kuagiza nakala ya karatasi kutoka nje inaweza kuzidi bei ya kitabu chenyewe, kwa hiyo nakala ya kielektroniki ndiyo yenye akili. Kindle, programu ya Amazon ya kusomea vitabu, inafanya kazi kwenye simu janja ya kawaida, na unaruhusiwa kusoma sehemu ya mwanzo bure. Isome yote. Kama hujacheka mpaka hapo, hutacheka mbele. Aliyeko Ulaya au Amerika Kaskazini na ana kadi ya maktaba ajaribu kwanza Libby, programu ya kuazima vitabu vya kielektroniki vya maktaba, aazime bila kulipa.

Anayependelea kusikiliza achague Harris, anayesomwa na Johanna Parker, au Harper, anayesomwa na Amanda Ronconi; wote wawili wanajua mahali pa kunyamaza kabla ya neno la kuchekesha. Kwa wauza vitabu vya mtumba, hakikisha kurasa za mwisho zipo, na ukikuta vitabu vya kati bila cha kwanza, viache isipokuwa ni vya Sands.