Seti ya injekshen kwenye Chevy C10 ya 79: nyota nne, fundi wa kwanza nampa moja

Wadau, hii seti ya injekshen (kompyuta inapulizia petroli badala ya kabureta) nimekaa nayo miezi minane kwenye pikapu yangu, C10 ya 1979 injini 350, niko Sacramento California. Seti yenyewe iko poa sana. Asubuhi ya baridi unazungusha ufunguo inawaka hapo hapo, hakuna tena kupiga piga mafuta kama unashona cherehani, na nikipanda milimani Tahoe haikohoi kama enzi za kabureta. Ulaji wa mafuta umepungua kidogo, sio maajabu, V8 ni V8.

Sasa huku gari ya petroli kuanzia modeli ya 1976 lazima ipimwe moshi, na mpimaji haishii kwenye bomba, anafungua boneti anakagua kimoja kimoja, EGR (valvu inayorudisha moshi kidogo kwenye injini), kopo la mkaa linalodaka mvuke wa tangi, pampu ya hewa, halafu masega (katalisti za kusafisha moshi) huko chini. Na seti lazima iwe na namba ya EO, yaani kibali cha CARB, mamlaka ya hewa ya California, na gari yako iwe kwenye orodha ya namba hiyo. Nyingi za bei chee hazina, soma maandishi madogo utakuta ni za gari za mashindano. Yangu inayo, ndo maana nikaongeza hela.

Fundi wa kwanza (simtaji) akaniambia bro hivi vidubwasha toa vyote, injekshen haivihitaji. Nikagoma, akaviacha ila akaunga anavyojua yeye. Mpira wa EGR kauchomeka kwenye vakyumu (mfyonzo wa hewa) ya manifoldi badala ya kile kitundu cha juu ya kipepeo cha hewa (throttle), basi EGR inafunguka gari ikiwa sailensa, yaani inanguruma bila kukanyaga mafuta, inatetemeka kama ina malaria, kila taa nyekundu inanizimikia.

Hiyo ndogo. Pampu ya hewa inapuliza hewa safi kwenye egzosi ili moshi umalizikie kuungua humo humo, na sensa ya oksijeni imechomelewa mbele kidogo, ikawa inanusa ile hewa, kompyuta ikadhani petroli haitoshi ikaongeza, ikanusa tena ikaongeza tena. Plagi nyeusi tii, harufu ya petroli hadi kwenye nguo, na usiku ukichungulia chini masega mekundu kama jiko la mkaa. Eti kompyuta inajifunza yenyewe, ilijifunza ujinga!

Fundi wa pili, mzee mmoja wa Kimeksiko, hakushika spana kwanza, aliomba boksi la seti. Akachomoa valvu ya umeme bado iko kwenye nailoni yake haijaguswa. Kazi yake injini ikishapata moto inahamisha ile hewa ipite nyuma ya sensa iende moja kwa moja kwenye masega. Akaifunga, akahamisha mpira wa EGR, masaa matatu tukamaliza. Wapimaji wa moshi wakaipandisha kwenye rola, spidi maili 15 kwa saa halafu 25, gesi chafu za HC, CO na NO zote chini ya kiwango.

Nyota moja nimeikata kwa sababu maelezo ya hiyo valvu yako huko mwisho wa kitabu, picha nyeusi huoni kitu. Na stika ya EO bandikeni ndani ya boneti siku hiyo hiyo ya kufunga seti, mimi yangu ilikuwa kwenye droo ya jikoni, mpimaji akanirudisha nyumbani kuifuata.