Mzumbe au Chuo cha Utumishi Tanga?
Kijana wa Ngamiani anayetaka kuja kutumikia watu ana njia mbili: shahada ya utawala wa umma Mzumbe, Morogoro, au stashahada hapa hapa Tanga, kwenye tawi la Chuo cha Utumishi wa Umma.

Mzumbe ina mizizi. Ilianza 1953 kama shule ya serikali za mitaa, ikifundisha machifu na makarani. Huko utajua sera inavyotungwa na bajeti inavyopangwa. Ila ni miaka mitatu, na ada, chumba na nauli si mchezo.

Chuo cha Utumishi kinafundisha kazi za ofisini: kutunza majalada, kuandika muhtasari wa kikao. Wapo wanaokidharau. Mimi niliacha siku nilipohudhuria mkutano wa kijiji huko Muheza, ule wa kila miezi mitatu. Mtendaji ana digrii yake safi. Mama mmoja akasimama, leso begani: "Mwanangu, hela za choo cha shule ziko wapi?" Mtendaji akapekua mafaili mpaka watu wakaanza kuondoka. Stakabadhi haikuonekana. (Huenda hakuiba, hakujua tu ilipo.)

Wangu ningemwanzishia stashahada, afanye kazi kidogo, Mzumbe aende baadaye.