Nilivyotengenezewa gitaa la tumbo tupu Mwanjelwa

Gitaa langu ni la umeme, ila tumbo lake ni tupu kama gitaa la boksi na usoni lina matundu mawili yenye umbo la herufi f. Napigia rithimu kwenye kwaya yetu Uyole, hapa Mbeya. Kwanza lilianza kukwaruza nikigusa volyumu, ikafuata jeki (tundu la kuchomekea kebo) kukatakata sauti, mwisho likawa linavuma hata nikishika nyuzi. Hapo ndipo nilipojua kuna kazi. Kwa kawaida ukishika nyuzi mvumo hupungua, maana waya wa ethi umeungwa kwenye chuma kinachozishika nyuzi kule mkiani. Usipopungua, angalia waya huo kwanza.

Mafundi kadhaa mjini walilikataa, na siwalaumu. Gitaa la aina hii halina kifuniko cha nyuma. Poti nne (zile za kuzungusha volyumu na toni), swichi, jeki, vyote vinatolewa na kurudishwa kupitia tundu la f, na ukizembea unabaki unavua samaki gizani.

Niliyempata Mwanjelwa ni fundi wa redio na miksa. Aliniambia waziwazi hajawahi kulifungua la namna hii. Kilichonifanya nimwachie ni kwamba kabla ya kusukuma poti yoyote ndani, alifunga uzi wa kushonea kwenye kijiti cha kila poti, na kila uzi akauacha unaning'inia kwenye tundu lake. Wakati wa kurudisha anavuta tu, poti inakuja yenyewe mahali pake. Jeki aliirudisha kwa kuichomekea kipande cha mpira wa dripu. Mimi nilichomkumbusha ni kuweka alama za selotepu pale daraja (kipande kinachoinua nyuzi usoni mwa gitaa) linapokaa, kwa sababu halijagundishwa. Linashikiliwa na mkazo wa nyuzi tu, ukizitoa zote linahama na gitaa linapoteza tyuni.

Waya wa ethi ulikuwa umeachia kweli. Aliulehemu upya, akabadilisha jeki, waya wake akaweka wenye neti ya kuzuia mvumo. Poti tatu zilipona kwa kupuliziwa dawa ya kusafishia, moja akanunua mpya.

Hiyo mpya ndiyo lawama yangu pekee. Imeandikwa B500K. Ukubwa ni sahihi, kilo-omu 500 ndizo zinazotumika kwa pikapu (vinasa sauti vya nyuzi) za koili mbili kama zangu, lakini B inapanda kwa mstari ulionyooka: ukigusa kidogo sauti inaruka, ukiendelea hadi mwisho husikii tofauti kubwa. Kwa volyumu ilitakiwa A500K, inayopanda polepole mwanzoni. Vibandani hakuipata. Kama wewe unacheza sana na volyumu katikati ya wimbo, tafuta poti zako kabla ya kwenda.

Nililipa 35,000/= pamoja na vifaa, nyuzi nilinunua mwenyewe. Haharakishi kazi, na simu hapokei akiwa ameshika lehemu. Nenda na kebo yako ya kujaribia. Ya kwake ni mbovu kuliko gitaa nililompelekea.