Klonazepamu ya kumumunya kwa ulimi unaowaka: uzoefu wangu

Nawaandikia wenzangu ambao ulimi unawawaka mchana kutwa, na kila anayewachungulia kinywani anasema haoni kidonda. Naishi Kadutu, hapa Bukavu, nimeshapita umri wa kuona mwezi, na dawa iliyonituliza ni klonazepamu. Ila haimezwi: inamumunywa, kisha inatemwa.

Ugonjwa huu huwashika zaidi wanawake wa umri wangu. Asubuhi naamka mzima. Ikifika saa kumi jioni, ncha ya ulimi na midomo kwa ndani vinachoma kama nimekunywa chai inayochemka, na ladha ya chuma haitoki. Nikila, moto unapoa, nikimaliza, unarudi. Majirani walishaamua kwamba ni karuho, na mtu akikuambia umelishwa sumu, usingizi wenyewe unakukimbia.

Kabla ya hapo nilipewa dawa ya kuvu ya kinywa, haikusaidia. Dawa ya kusukutua yenye alkoholi ndiyo iliyozidisha. Jeli ya ganzi inatuliza kidogo tu, ikiisha nguvu unarudi palepale.

Daktari niliyempata mwishoni hakukimbilia dawa. Alitaka kwanza labo ipime sukari, madini ya chuma, vitamini B12 na tezi ya shingo, akaniuliza kama natumia kinini cha presha, maana mambo hayo yanaweza kuleta moto uleule, na kila moja lina tiba yake. Kwangu yote yalikuwa sawa. Hapo ndipo akaandika klonazepamu ya miligramu 1, mara 3 kwa siku. Kwenye farmasi kijana aliisoma karatasi, akainua macho: «Mama, nani ana kifafa nyumbani?» Ndiyo, ni dawa ya kifafa, lakini ikikaa kinywani inatuliza mishipa ya fahamu palepale inapouma.

Unaweka kinini juu ya ulimi, kiyeyuke chenyewe. Mate unayakusanya na kuyapeleka taratibu hadi panapochoma, bila kumeza, kwa dakika 3, halafu unatema yote. Shida ni hayo mate: kinywa kikiwa kikavu, kinini kinabaki unga unga, na koo linataka kumeza lenyewe. Mimi nalowanisha ulimi kwa maji kwanza. Watafiti wa Ufaransa waliijaribu njia hii kwa wagonjwa 48 kwa wiki 2, wakachapisha matokeo mwaka 2004: waliopewa klonazepamu walipata nafuu kuliko waliopewa kinini kisicho na dawa.

Kwangu moto haujaisha, umepungua sana. Jioni naweza kuongea na wajukuu bila kushika mdomo. Pilipili kwenye sombe bado siigusi, na dawa ya meno yenye minti nimeiacha. Siku za mwanzo kichwa kilikuwa kizito, kwa sababu hata ukitema, kiasi kidogo kinaingia mwilini. Kwa hiyo pombe hapana, hata kasiksi ya harusini. Na jamani, msiinunue bila karatasi ya daktari: mwili huizoea.

Kupatikana pia ni taabu. Naanza kuitafuta kabla kopo halijaisha, maana haikatwi ghafla. Sasa nimemwomba daktari anipunguzie, na amekubali tuanze na kinini cha mchana, kidogo kidogo.