Uzoefu wangu: wabunifu walionipambia duka la mitishamba Ngara

Nauza mchaichai, rosela, mlonge na mwarobaini hapa Ngara, Nairobi, na nilitaka mteja akiingia asahau kelele za matatu. Wabunifu niliowapa kazi walikuja na picha za maduka ya bangi ya Kanada, ambako biashara hiyo ni halali tangu 2018: magogo, kuta za majani, maji yakitiririka. Kwetu bangi ni jela, lakini sura ya duka haishtakiwi, na nilizipenda.

Kazi yao ya mikono, wallahi, safi. Sakafu waliweka mawe ya Mazeras. Rafu ni mbao za mukima ambazo ukingo wake haukurandwa, gamba la mti bado lipo. Wateja hulipapasa kwanza ndipo waulize bei. Taa ni za njano hafifu, zimeelekezwa ukutani, hazimchomi mtu machoni. Hapo sina neno.

Tulivutana kwenye maji. Walitaka chemchemi ya umeme katikati ya duka, eti bila maji hakuna msitu. Msitu unataka unyevu, bidhaa yangu inaukimbia! Majani makavu hunyonya unyevu hewani, na unga wa mlonge ukishaingiwa huganda mabonge, kisha kuvu. Nairobi ya Julai, jua halionekani, ungeukausha wapi? Mwishowe chemchemi ikawekwa nje, kando ya mlango, na sauti yake inafika ndani vizuri tu.

Mitungi ya vioo waliyoipanga dirishani niliihamisha mwenyewe, kwa sababu jua hupausha rosela ikageuka kahawia, na nani atainunua? Kile kifaa cha kupuliza marashi ya "msitu" nilikikataa kabisa. Mteja wa mitishamba hununua kwa pua. Nikivunja mchaichai mbele yake, biashara imekwisha.

Baada ya malipo ndipo walipolegea. Waliahidi kurudi kuhudumia mimea. Sasa simu inaita tu. Sansevieria, ile mimea ya majani marefu magumu, zinavumilia giza na kiu, ziko sawa. Kangaga za msituni walizotundika juu ya kaunta zimekauka zote, na majani yake yanadondokea kwenye mizani. Kwa taa na mbao ningewaita tena kesho. Mimea nitanunua mwenyewe kwa wale wa miche kando ya Ngong Road.