Huduma ya kuchochea ubongo kwa umeme mjini Tabora: mikono safi, maswali hayakuulizwa

Duka moja la vifaa vya afya katikati ya mji wa Tabora limeanza kutoa huduma ya kupitisha umeme mdogo kichwani, na bango lake linaahidi kutuliza msongo wa mawazo, kurudisha usingizi na kuwaongezea wanafunzi kumbukumbu kabla ya mitihani. Mimi nilifuata usingizi.

Kwa kazi yenyewe, mhudumu anastahili sifa. Alinifuta paji la uso, akalowesha sponji mbili kwa maji ya chumvi, akazikaza kwa mkanda, kisha akapandisha umeme polepole hadi miliampia 2 kwa dakika 20, kiwango ambacho hata watafiti hukitumia mara nyingi. Nilihisi mwasho tu, na ngozi ikabaki nyekundu kwa muda mfupi.

Kinachonisumbua ni kwamba hakuniuliza kama nina kifafa, kama nina chuma kichwani, wala natumia dawa gani. Nilipomwambia, "Mdogo wangu, mashine hii imesajiliwa na TMDA?" alinijibu, "Usiwe na wasiwasi, mzee wangu, hii siyo dawa." Jibu hilo halikubaliki, kwa kuwa TMDA, yaani Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba Tanzania, inasimamia dawa pamoja na vifaa tiba, na mashine inayotangazwa kuwa inatibu haiwezi kukwepa usimamizi huo kwa kuwa tu haimezwi. Umoja wa Ulaya umekwenda mbali zaidi: mwaka 2022 uliziweka mashine za aina hii zisizokusudiwa kutibu katika daraja la juu kabisa la hatari.

Aliyenifuata kwenye kiti alikuwa mvulana aliyevaa sare ya shule. Mama yake alilipa, hakupewa fomu yoyote ya kusaini, na mtoto mwenyewe hakuulizwa kama anataka. Hapo ndipo nilipoumia zaidi, kwa sababu mwaka 2016 watafiti wa ubongo, katika barua ya wazi kwenye jarida la Annals of Neurology, waliwaonya wanaojiwekea umeme huu majumbani kwamba kunoa uwezo mmoja kunaweza kudhoofisha mwingine, kwamba mabadiliko yanaweza kudumu, na kwamba watu hawaupokei kwa namna moja. Ubongo wa mtoto, tena, bado unakua.

Hadi duka litakapobandika cheti cha usajili, litakapoandaa fomu ya ridhaa na maswali ya afya, na kuifuta ile ahadi ya mitihani, nawashauri wanaokosa usingizi waanzie kwa daktari pale Hospitali ya Kitete, na wanafunzi wasipelekwe kabisa.