Wainda ya saa otomatiki: ijue kwanza mashine ya saa yako

Mambo vipi wadau, karibuni tena. Leo hapa mezani nina wainda, hiki kiboksi cha kuzungushia saa za otomatiki, maana kila nikionyesha saa humu mnauliza swali hilo hilo, ninunue ipi, ya kichwa kimoja au viwili, ya mbao, yenye taa, yenye kioo, na wauzaji wa mtandaoni nao wanawatia presha kwamba saa isipozungushwa inakufa. Si kweli. Ndo maana nataka tuanze na saa yenyewe, boksi litakuja baadae.

Ngoja niigeuze hii muone mgongo. Hii Seiko 5, ya mgongo wa kioo, angalia hiko kibati cha nusu duara, nikiipindisha huku kinashuka, nikiipindisha kule kinashuka, hiyo ndo rota. Kazi yake ni kujaza springi. We ukitembea, ukisimamisha bajaji, ukila, mkono unacheza, rota inazunguka, springi inajikunja, saa inapata nguvu, hamna betri humo ndani. Na hili wazo la zamani sana, Mwingereza mmoja John Harwood alipata hataza yake Uswisi mwaka 1924, ila rota yake ilikuwa inagonga huku inarudi huku, haimalizi mzunguko, Rolex ndo wakatoa ya kuzunguka duara zima 1931, na otomatiki nyingi mnazoziona leo zinafuata staili hiyo.

Sasa wainda inaishika saa ikiwa wima au imelala kidogo, inaizungusha taratibu, lile bati kwa uzito wake linabaki chini, yaani saa ndo inaizunguka rota. Kwa hiyo ukikutana na wainda ambayo saa inalala chali kabisa inaangalia dari, achana nayo, rota haina sababu ya kubaki nyuma, itazunguka pamoja na saa na springi haijazwi.

Nani anaihitaji? Hapa tuwe wakweli. Kama una saa moja na unaivaa kila siku, huihitaji, mkono wako ndo wainda. Kama una mbili tatu unabadilisha, inategemea zinakaa na nguvu muda gani. Seiko zenye mashine, yaani mtambo wa ndani unaoendesha saa, ya 4R36, au hizi saa kibao zenye NH35, ikijaa inakaa masaa 41. Tissot za Powermatic 80 zinakaa masaa 80. Rolex mpya zenye 3235 ni masaa 70. Sasa piga hesabu, umetoka ofisini Posta Ijumaa, umeivua saa kumi na mbili jioni, wikiendi umevaa nyingine, Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi yamepita masaa 60, Tissot bado inatembea kama kawaida, Seiko ilishasimama toka Jumapili saa tano asubuhi. Na ikisimama hamna kilichoharibika, unaijaza, unaweka majira, dakika moja umemaliza. Lile suala la kwamba mafuta yanaganda lilikuwa la mafuta ya zamani, haya ya kisasa ya viwandani hayahitaji saa izunguke ndo yabaki mazuri, na saa iliyosimama hailiki popote, inayotembea ndo inalika.

Ambaye namwambia nunua bila wasiwasi ni mwenye saa ya kalenda ngumu. Siongelei tarehe peke yake, naongelea zile zenye kamwezi usoni kanakoonyesha mwezi wa angani unavyoandama na kukua, zenye kalenda ya kudumu inayojua mpaka mwaka mrefu, hizo zikisimama kuzirudisha ni shughuli, kuna vitufe vidogo unabonyeza na kipini, ukikosea mpangilio unaenda kwa fundi. Hizo ndo wainda inazifaa kweli. Na mwingine ni mtu ambaye vidole vinamsumbua, mzee wangu mwenye ganzi au baridi yabisi, kumwambia ageuze kile kifundo cha pembeni kila mara ni kumtesa.

Alafu kabla hujatoa hela, hakikisha saa yako ni otomatiki kweli, maana Kariakoo utakuta saa imeandikwa otomatiki usoni na ndani kuna betri. Angalia mshale wa sekunde, ukiruka mara moja kila sekunde tak, tak, tak, hiyo betri. Otomatiki unateleza, kwa Seiko hii ni hatua 6 ndani ya sekunde moja, zenye mashine ya Uswisi ETA 2824-2 ni hatua 8, kwa macho unauona unateleza tu. Za mwanga kama Eco-Drive haziendi kwenye wainda, zinataka dirishani. Na Seiko Kinetic msidanganyike, ina rota ndio ila inachaji umeme, na huu mzunguko wa taratibu ni mdogo sana kwake.

Sasa tuje kwenye boksi. Hili halina jina la maana, boksi lile lile utalikuta kwa majina tofauti tofauti, kwa hiyo jina lisikusumbue. Vitu viwili tu ndo roho ya wainda, idadi ya mizunguko kwa siku na upande inaozungukia.

Mizunguko, saa nyingi zinataka kati ya 650 na 800 kwa siku. Seiko, ETA 2824-2, ziko humo. Sasa angalieni nilichofanya, nimebandika kipande cha selotepu hapa kwenye kichwa kinachozunguka, na simu nimeweka kipima muda. Mnaona selotepu inapita juu... inarudi... dakika moja imepita juu mara kumi. Haya, kwenye hii namba ya kwanza ya kifundo cha boksi inazunguka dakika 2, inapumzika dakika 42. Ina maana kila dakika 44 napata mizunguko 20, kwa siku nzima inakuja 654 hivi. Wameandika 650, wamesema kweli, nimewakubali.

Ila kuna nyingine, ya bei ya kutupa, haina swichi wala nini, ukichomeka inazunguka tu mpaka uchomoe. Kwa mwendo huo huo wa mara kumi kwa dakika, siku nzima ni mizunguko 14,400, kama mara 20 hivi ya inachohitaji saa! Springi haitakatika, niwatoe hofu, otomatiki ina springi ambayo ikijaa inateleza yenyewe ndani, kama ndoo iliyojaa maji ya ziada yanamwagika pembeni. Lakini rota inazunguka bure, bearingi yake na giya zake zinasagika bure, na baadae fundi anakwambia badilisha. Kwa hiyo ukienda dukani usisome boksi, omba waiwashe, nenda na selotepu yako, hesabu mizunguko ya dakika moja, alafu hesabu inapumzika dakika ngapi. Muuzaji akikasirika ondoka, duka la pili liko hatua kumi mbele.

Upande sasa. Seiko na ETA 2824-2 na Rolex nyingi za leo zinajaza rota ikienda kulia au kushoto, zote sawa, we weka ile alama ya mishale miwili. Lakini Miyota 8215, ambayo imo kwenye saa nyingi za bei ya kati, inajaza upande mmoja tu, na Valjoux 7750 ya kronografu, zile saa zenye kipima muda, nayo upande mmoja. Hizo ukiziweka pande zote mbili, nusu ya kazi inapotea. Hujui yako upande gani? Iache isimame kabisa, iweke ukichagua kulia peke yake toka asubuhi mpaka jioni, itoe, ilaze mezani uone inatembea muda gani. Ikisimama mapema sana rudia kwa kushoto. Na mashine utaijua kwa mgongo wa saa, Seiko wanaandika namba pale nyuma, zile herufi na tarakimu nne za mwanzo kabla ya kistari ndo mashine, mfano 7S26.

Na hapa ndo watu wengi wanalalamika wainda haifanyi kazi. Wainda kazi yake sio kujaza saa iliyokufa, ni kuitunza iliyojaa. Kwa hiyo saa ikiwa imesimama kwanza ijaze kwa mkono, geuza kile kifundo bila kukivuta, mara 30, 40, ndo uiweke. Ile 7S26 haijazwi kwa mkono, hiyo unaitikisa taratibu kulia kushoto ikiwa imelala, nusu dakika hivi, ikianza kutembea unaweka. Kujua kama mizunguko inatosha, iache humo siku mbili, itoe, ilaze, uone inakaa masaa mangapi. NH35 ikikaribia 40, umepatia, usiongeze. Ikikaa 15, panda namba inayofuata. Anzeni na namba ya chini siku zote.

Tarehe nayo niseme haraka. Kuanzia saa tatu usiku mpaka saa kumi alfajiri, kwa majira yaliyo kwenye uso wa saa, usibadilishe tarehe kwa ule mkato wa kuvuta kifundo na kurusha tarehe peke yake, giya za tarehe zimeshaumana unaweza kuvunja jino. Na saa iliyosimama hujui imesimama mchana au usiku, kwa hiyo zungusha mishale mbele mpaka uone tarehe inaruka, hapo ndo usiku wa manane, endelea mbele uvuke ile saa kumi, alafu panga.

Sasa mambo ya Dar. Umeme. Adapta ije imeandikwa 100-240V, kuna zinazokuja za 110V peke yake, hiyo ukiichomeka kwenye 230 yetu inaungua hapo hapo, na plagi nyingi zinakuja za pini mbili, hakikisha unapata ya pini tatu inayokaa vizuri, sio ya kulegea legea. Mi napenda zenye waya wa USB wa volti 5, unachomeka popote. Umeme ukikatika usiku mmoja usiwe na presha, saa iliyojaa inakaa kama masaa 40 au zaidi. Shida ni umeme ukirudi, kuna hizi za kugusa kioo zinasahau mpangilio, zinarudi kwenye namba ya kiwandani, na we hujui. Hii hapa ina vifundo vya kuzungusha kwa mkono, umeme ukate mara ngapi, kifundo kiko pale pale ulipokiacha. Kwa sisi hilo ni kubwa kuliko taa za rangi.

Joto na unyevu, hasa mnaokaa karibu na bahari, Msasani, Kigamboni huko. Ndani humu wameweka ngozi ya plastiki, ikipigwa jua la dirishani inabanduka vipande vipande na vinaganda kwenye mkanda. Weka kabatini, tupia pakiti mbili za silika, vile vipakiti vya kunyonya unyevu, na mkanda wa ngozi uliolowa jasho usiufungie humo, utakuta ukungu. Mto wa saa nao, kale kamto unakokavisha saa ndani ya boksi, ujaribu, hii nikibonyeza inarudi, inashika mkanda wa mkono mdogo na mkubwa, ila kuna mito migumu inavuta mkanda mpaka unalegea. Na isikae juu ya spika au karibu nayo, saa ikipata sumaku inaanza kukimbia, dakika kadhaa kwa siku, ukiona hivyo peleka kwa fundi mwenye kile kifaa cha kutoa sumaku, ni kazi ya sekunde chache.

Kelele, sikilizeni, naweka maiki hapa karibu... mnasikia? Mvumo mdogo sana. Feni ya juu ikiwashwa huisikii kabisa. Ila chumbani usiku kimya, feni imezimwa, utaisikia ikianza, kwa hiyo mi naiweka sebuleni.

Maamuzi yangu kwa hili boksi, mota tulivu, namba zake za kweli, vifundo vya mkono, nalipitisha. Lakini likikaribia bei ya saa utakayoweka ndani, hela hiyo iwekeni kwa fundi aifungue na kuisafisha. Hii Seiko 5 mi siiweki humo, naiacha isimame, nikiitaka naitikisa navaa natoka.